Magonjwa Mawili ya Nyumba Moja

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote ile hospitalini, huwa ninajibu kwamba nilikuwa mpishi. Wanacheka, halafu wanataka kujua nilipika nini, na hapo ndipo ninapowapoteza. Nilipika vipande vya watu. Msikimbie, watoto wangu. Ninyi mnaosomea maabara hapa Butembo mnapenda mashine za damu, zile zinazomeza kichupa na kutema jibu ukiwa unakunywa chai. Anapath, kazi ya kusoma magonjwa katika vipande vya mwili, hakuna anayeitaka. Inanuka formol, inachelewesha, na mtu akifungua friji yetu anaifunga upesi. Lakini mimi, Mama Kavira, nimezeeka ndani yake, na nikianza kuisimulia wajukuu wangu wananiambia ninacheka peke yangu.

Upishi wenyewe si mgumu kuueleza. Mpasuaji anakata kipande cha mwili wenye ugonjwa. Unakiloweka katika formol kisioze. Unakitoa maji kwa pombe, kidogo kidogo, kisha unakinywesha parafini iliyoyeyuka, ile ile ya mishumaa, mpaka kinakuwa kigumu kama sabuni. Hapo unakikata utepe mwembamba kuliko karatasi ya Biblia, unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, unauchota kwa kioo, unaupaka rangi. Daktari anauweka chini ya mikroskopi na kuuambia ugonjwa jina lake.

Kuna mambo ambayo kitabu hakiwaambii. Asubuhi za Butembo ni baridi, parafini inakuwa ngumu na utepe unavunjika kama biskuti. Usiongeze nguvu. Inama, fungua mdomo, pumulia kipande kama unayetaka kufuta miwani, kisha kata. Wenzetu wa Beni, kwa joto lao, wana shida ya kinyume. Wao wanatafuta barafu. Na mkipokea kipande, nuseni kichupa kabla ya kukilaumu. Siku moja kililetwa kipande kutoka kituo kimoja cha afya upande wa Kanyabayonga. Formol ilikuwa imewaishia, basi muuguzi akakitia katika chupa ya kanyanga, pombe kali ya nyumbani. Nilifungua nikadhani wamekosea wametuletea zawadi. Docteur Kasereka alinusa, akaangalia kilichoelea ndani, akasema tukipokee kwa heshima, kimefika kimelewa lakini kimefika. Na rangi ilishika vizuri, mniamini.

Docteur Kasereka ndiye aliyenifundisha kila kitu. Mtu mfupi, mwenye tumbo la furaha, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani. Aliimba hata akiwa na jicho kwenye mikroskopi, chini chini, kama injini ya gari inayongojea abiria. Sote tulijua kwamba akinyamaza, amekutana na kitu. Alikuwa amesomea mbali magonjwa ya ubongo, akarudi nyumbani mahali ambapo karibu hakuna aliyepasua kichwa cha mtu. Tulimuuliza kama hakujutia. Alisema vichwa vipo hapa pia, vitakuja.

Basi nisikilizeni niwaambie vilivyokuja.

Mumbere alikuwa mnunuzi wa kakao mjini Beni. Wakulima wa Kamango na vijiji vya kando walimletea magunia, naye aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kiganja cha mbegu, akanusa. Hii imeiva vizuri chini ya majani ya ndizi. Hii ilianikwa mapema. Hii ilinyeshewa njiani, mzee wangu, usinifiche. Wakulima walikuwa wanacheka wakisema pua yake ilizaliwa ndani ya kakao.

Kisha pua ikaacha kazi. Akapokea magunia yenye ukungu na kuyasifu. Mke wake, Jeannine, alifikiri ni mafua, akamchemshia majani ya mkaratusi. Lakini tabia nayo ikaanza kubadilika. Mumbere, mtu wa makini, mzee wa kanisa, alicheka kwenye msiba wa jirani. Aliwatukana wateja, halafu akawasahau na kwenda kulala mchana na viatu. Hakuoga mpaka aamriwe. Jeannine alituambia baadaye kwamba kilichomtisha hakikuwa matusi; ni kwamba mtoto wao aliungua mkono, na Mumbere akapita kando yake kama anayepita kando ya kiti. Na kila asubuhi kichwa kilimpasuka.

Katika nyumba hiyo hiyo aliishi mama yake, Masika, ambaye wote walimwita Mukaka, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinande. Mukaka alikuwa anapotea polepole tangu miaka mingi. Alitia chumvi mara mbili. Alimuulizia mume wake aliyezikwa zamani. Siku moja aliacha maharagi yakaungua mpaka nyumba ikajaa moshi, naye amekaa kando ya jiko, hasikii harufu yoyote.

Mdogo wake Mumbere, Kambale, aliunganisha hayo mawili. Mama alipoteza pua kwanza, kisha mwana. Mama alipotewa na akili kwanza, kisha mwana. Katika chumba kimoja cha maombi mtaani walimwambia kwamba mama huyo anamla mtoto wake kuanzia kichwani. Kambale hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampenda kaka yake na aliogopa. Akasema mama atoke nyumbani kabla ya kaka kufa, na kama hatatoka mwenyewe, vijana wa mtaa watamtoa. Mnajua jinsi hadithi za namna hiyo zinavyoishia.

Jeannine hakubishana naye. Alipomleta mume wake Butembo kutibiwa, alimpandisha na mama mkwe ndani ya gari lile lile, akamfunika kwa kitenge, akamwachia Kambale maneno kwamba anayetaka kumfukuza Mukaka aanze kumtafuta.

Picha ya skana ilionyesha donge nyuma ya paji la uso, kubwa kama chungwa. Aliyeisoma aliandika majina mawili, moja la kutisha na moja la kutia moyo, na katikati akaweka neno "labda". Mpasuaji wa vichwa alikuja kutoka mbali. Alishuka kwa ndege Mavivi, uwanja wa Beni, akapandishwa kwetu kwa gari, akae siku chache. Kabla ya operesheni aliingia maabara, akamuuliza Docteur Kasereka kama tunaweza kumpa jibu kichwa kikiwa bado wazi. Alieleza kwa utulivu. Kama ni uvimbe ulioota ndani ya ubongo wenyewe, atapunguza kidogo na kufunga, kwa sababu akichimba zaidi atamtoa Mumbere pamoja na ugonjwa. Kama ni ule unaoota kwenye ngozi inayofunika ubongo, atautoa wote na mzizi wake, hata wakishinda humo mpaka jioni.

Parafini inataka siku nzima na zaidi. Mashine ya kugandisha hatukuwa nayo. Docteur alisema tutaponda.

Kuponda ni hivi, mshike vizuri kwa sababu siku moja kutawasaidia. Unachukua kipande kidogo kama punje ya mtama. Unakiweka juu ya kioo, unakilalia kwa kioo cha pili, unabonyeza kwa kidole gumba, unavuta mara moja kwa mkono mwororo, na hapo hapo unatumbukiza katika pombe kabla hakijakauka. Rangi ya buluu, maji, mikroskopi. Ukivuta kwa nguvu unazipasua seli zote na unaona nyuzi tupu. Daktari ataogopa bure. Ukivuta kwa woga linabaki tope.

Alasiri ile tulifanya mazoezi kwa ubongo wa mbuzi. Nilimwambia muuza nyama kwamba ni wa kazi, akaniongezea ulimi akidhani nina wageni. Tuliponda mpaka vioo vikaisha mezani, Docteur akiimba. Ubongo mzima unavutika laini kama siagi, akaniambia, na uvimbe unaozaliwa na ubongo mara nyingi unavutika vivyo hivyo, na kuacha nyuzi nyuzi nyuma yake kama utando wa buibui. Ule wa ngozi ya juu unashikamana, unakuja kwa mafungu. Nusu ya ubongo wa mbuzi ambayo hatukuigusa niliipeleka nyumbani na ulimi wake. Bwana wangu alikula akasifu mapishi, na mpaka leo hajui alishiriki katika mazoezi.

Asubuhi ya operesheni Kambale alifika kutoka Beni. Nilimkuta ukumbini, macho mekundu ya safari. Mukaka alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharagi, na Jeannine amekaa katikati yao, amenyoosha miguu, kama ukuta.

Muuguzi akaleta kipande ndani ya kibakuli, juu ya kitambaa chenye maji ya chumvi. Nilikilaza, nikabonyeza, na kioo kikakwaruza. Nilisikia mwenyewe mpaka kwenye meno. Nikasema, "Docteur, kuna muchanga."

Hakuinua kichwa. "Hata unga wa mufupa unakwaruzaka, Mama Kavira. Balimukata fuvu sasa hivi. Endelea na kazi."

Hilo nalo mlishike. Kidole kikikuambia kitu, kiandike akilini, lakini usimwambie mgonjwa. Nikaendelea. Pombe, buluu, maji. Docteur akaketi, akaweka jicho, akaanza kuimba, na umeme ukazima.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na betri zake. Sisi tulikuwa na dirisha. Docteur aliniambia niteremshe mikroskopi ya zamani kutoka juu ya kabati, ile isiyo na taa, yenye kioo kidogo cha kukamata mwanga wa jua. Tuliipangusa, tukaiweka dirishani. Lakini mnaijua Butembo na mawingu yake. Kilima cha mbele hakikuonekana. Tulikaa pale wawili, tukiangalia mbingu, na upande wa pili wa ukuta mtu amelala kichwa wazi, mpasuaji amesimama na mikono juu. Docteur hakuimba. Aligeuza kile kioo huku na huku kwa kidole kimoja. Mimi niliomba, siwafichi, na sikuomba uponyaji, niliomba tu jua.

Likatoka. Halikutoka lote, lilijipenyeza kati ya mawingu mawili, lakini lilitosha. Docteur akainama. Alikaa hivyo muda, akisogeza kioo chenye kipande polepole, kisha akasogea pembeni.

"Uangalie."

Niliangalia. Watoto wangu, nimeona vitu vizuri maishani, nimeona watoto wangu wakizaliwa, lakini niwekeeni na hicho kwenye hesabu. Seli zilikuwa zimejikunja duara, moja ikikumbatia nyingine, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Na kati ya zile duara kulikuwa na vijiwe, vidogo, mviringo, vyenye tabaka tabaka, vya buluu. Ule ndio mchanga niliousikia. Haukuwa unga wa mfupa.

Yule mwingine, mbaya, nilikuwa nimeshaonyeshwa katika vioo vyake vya mafundisho. Yule ni soko lililovurugika: seli za kila umbo na kila ukubwa, nyingine nyeusi, nyingine zinajigawanya ovyo, na katikati mahali palipokufa, zilizo hai zimejipanga kandokando kama watu wanaozunguka nyumba iliyoungua. Ukimwona huyo mara moja hutamsahau. Hakuwa hapa.

Nilikuwa tayari kukimbia kwenda kuwaambia. Docteur alinishika mkono. Aliomba kipande cha pili, kutoka upande mwingine wa donge, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kuwa na bahati. Tukaponda tena, tukaangalia haraka kabla jua halijaondoka. Vitunguu vile vile. Ndipo alipokwenda mwenyewe mpaka mlango wa upasuaji, mtu wa tumbo kubwa anayekwenda mbio katika ukumbi, na nikamsikia akisema, "Ni ya ngozi ya kufunika ubongo. Iko mupole. Toa yote."

Mpasuaji aliuliza kama ana hakika. Docteur alijibu kwamba ana hakika ya vipande viwili, na parafini itasema mengine. Ule mlango ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka jioni, na Mumbere alitoka humo akiwa hai.

Siku zilizofuata nililipika donge lote, nikakata, nikapaka waridi na zambarau. Jibu la parafini halikupingana na la buluu. Seli zilikuwa tulivu, karibu hakuna iliyojigawanya, na hazikuvuka kuingia ndani ya ubongo. Mumbere aliamka akataka chai. Siku ya tatu alimuuliza Jeannine mkono wa mtoto umeponaje. Jeannine alitoka nje akalia, akarudi akamwambia umepona.

Lakini Kambale alikuwa bado ukumbini, na neno lake bado alikuwa nalo. Nilipopita na trei ya vioo alinisimamisha, kwa sauti ndogo, akaniuliza: "Mama, ile kitu mulitoa mu kichwa ya kaka yangu, mama yetu njo aliiweka?"

Docteur alisikia kutoka ndani. Alimwita, akavuta kiti, akamketisha mbele ya mikroskopi, ile ya taa, maana umeme ulikuwa umerudi. Alimwekea kioo cha kaka yake. Akamfundisha kufunga jicho moja, kama anavyotufundisha sisi, akamwonyesha vitunguu na vijiwe. Alimweleza kwamba kitu hicho kilianza kwenye ngozi ya juu, kikakomaa polepole kwa miaka, na kwa sababu kilikaa nyuma ya paji la uso kiliilalia mishipa ya kunusia, kisha kikasukuma mahali ambapo mtu anatunza adabu na huruma yake.

Kisha akafungua sanduku la vioo vyake vya shule, akatoa kimoja. Alimwambia mapema kwamba hiki si cha Mukaka; ni cha mtu mwingine, aliyekufa zamani nchi za mbali na kuwaachia wanafunzi ubongo wake. Cha Mukaka hatukitafuti, alisema, kwa sababu Mukaka yuko hai na tunataka abaki hai. Ugonjwa wake tumeujua kwa kumuuliza maswali, kwa kumwangalia akitembea, kwa kupima damu yake kwanza tusije tukaacha kitu kinachotibika. Kambale akainama. Kioo hicho kimepakwa rangi ya fedha, kwa hiyo ni cha rangi ya asali, na juu ya asali kuna madoa meusi kama masizi yaliyorukia ukuta wa jikoni, na ndani ya seli kuna nyuzi zilizosokotana kama sufu iliyoungua. Nimeonyeshwa kioo hicho mara nyingi, na kingine cha watu wanaotetemeka mikono, chenye mpira mdogo wa waridi ndani ya seli nyeusi. Kila ugonjwa na alama yake, na kila mmoja na mahali unapoanzia. Huu wa kusahau, Docteur alisema, unaanza karibu na mahali pa kukumbuka, na mahali pa kutambua harufu napo pako jirani.

Kambale aliangalia sana. Akarudishiwa cha kaka yake, akaangalia, akaomba tena kile cha asali.

"Donc pua ya bote ilipotea," akasema, "mais magonjwa iko mbili."

"Mbili," Docteur akamjibu. "Na hazijuane."

"Basi hapana mama njo alimukula."

"Mama yako anasahau, kijana yangu. Kusahau hapana kukula mutu."

Kambale alikaa na mikono juu ya magoti. Sikumwona akilia. Aliuliza kama Mukaka atapona, na Docteur hakumdanganya; alimwambia hapana, lakini kwamba anaweza kuishi vizuri akiwa na watu wasiomkemea, jiko asiloachiwa peke yake, na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Kambale akatoka kwenda uani, alikokuwa Mukaka na mkeka wake. Nilimfuata kwa macho kupitia dirisha. Mukaka alimwangalia bila kumtambua, akasogeza mkeka, akamsukumia maharagi ya kuchambua, maana kwake kijana aliyesimama bure ni aibu. Kambale akaketi akachambua.

Pua ya Mumbere haikurudi, mishipa ilikuwa imelaliwa muda mrefu mno. Amerudi kazini hata hivyo. Yeye anakata mbegu na kuangalia rangi ya ndani, na Jeannine ndiye anayenusa. Wakulima wanalalamika kwamba sasa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Mumbere ulikuwa unaweza kumbembeleza.

Nywele zilipoota na kufunika kovu, walitualika Beni, Docteur na mimi, kwa ibada ya shukrani. Kulikuwa na kuku, sombe, ndizi za kukaanga, watu wamejaa mpaka barabarani. Mumbere alikuwa amevaa suti, amesimama mbele ya wageni, anatafuta maneno ya kutushukuru. Mukaka aliketi mbele, kanga mpya, Kambale kando yake. Akamnyooshea Mumbere kidole.

"Kakule," akasema. Kakule alikuwa kaka wa Mukaka, amekufa kabla wengi wetu hatujazaliwa. "Jua linatua na wewe unasimama tu. Mbuzi ziko wapi?"

Hakukuwa na mbuzi. Hakukuwa na mbuzi katika ukoo huo tangu walipohama kutoka Lubero. Mumbere aliinamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, dada," akawaomba wageni wamngojee, akatoka mlangoni na suti yake. Tulimsikia akizunguka nyumba, akipiga mluzi, akiita mbuzi kwa Kinande. Kambale aliinuka akamfuata, naye akaanza kuita kutoka upande wa pili, na watoto nyuma yao. Walirudi wakihema.

"Zimeingia zote," Mumbere akamwambia.

Mukaka alimkagua kuanzia viatu. "Na ile ya pembe moja?"

"Ile njo ilitangulia."

Mukaka akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akavuta sahani yake na kuanza kula, na Docteur Kasereka, kando yangu, akaanza kuimba.